Hesabu ya kuezua huja kabla ya hesabu ya kuezeka



Mtu anapotaka kubadilisha paa, huanza kwa kuhesabu mabati: ni mangapi, ya geji gani, na fundi atadai pesa ngapi. Kuondoa paa kuukuu huachwa nje ya bajeti, kana kwamba ni kazi ya nusu siku ya vijana wawili na nyundo. Kwa mabati yaliyoshika kutu, pengine hasara ni ndogo. Kwa paa la asbesto, ni hatari.

Shule na nyumba nyingi za wafanyakazi zilizojengwa zamani ziliezekwa kwa asbesto, yale mabamba mazito ya kijivu yanayofanana na saruji. Yakiwa mazima, hatari yake ni ndogo. Yakivunjwa au kukatwa kwa msumeno, hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho. Mtu akizivuta, hukwama mapafuni, na maradhi yake, ikiwemo saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Kijana aliyelipwa kibarua cha siku moja huenda akaja kulipia kazi hiyo uzeeni.

Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka wa 2006 ziliitaja asbesto miongoni mwa taka hatari. Kwa hiyo, bajeti ya kuezua iwe na mafungu yake:

- Ukaguzi wa paa kabla ya kazi kuanza.
- Malipo ya wataalamu wanaotambuliwa na NEMA, pamoja na mavazi na barakoa zao.
- Maji ya kulowesha mabamba ili vumbi lisiruke, na nailoni nzito ya kuyafungia.
- Usafiri kwa gari lenye leseni, na ada ya kuyazika mahali palipoidhinishwa.
- Akiba ya mbao, kwa maana boriti zilizooza huonekana paa likishatoka.

Zipo njia halali za kupunguza gharama. Shule jirani zinaweza kufanya kazi kwa pamoja na kugawana usafiri. Kazi ifanywe wakati wa likizo, wanafunzi wakiwa nyumbani. Bodi iitishe makadirio kutoka kwa zaidi ya mwanakandarasi mmoja.

Isiyo njia ni kuwagawia wanakijiji mabamba wajengee vibanda vya kuku, kuyatupa kando ya barabara, au kuyafukia nyuma ya darasa. Pesa zilizookolewa hapo ni afya ya watoto wa shule hiyo hiyo.

Basi, kabla ya kununua hata bati moja, bodi ipate kwa maandishi gharama ya kuondoa paa kuukuu. Na kazi ikiisha, malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya mwanakandarasi kuleta hati inayoonyesha taka zilifikishwa wapi.