Kwenu ni Wapi?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tunaitumia sana tunapotaka kumkaripia kijana aliyekwenda mjini akasahau kwao. Lakini leo naomba tuigeuze, tujiulize sisi tunaokaripia: hiyo asili yenyewe tunaijua?

Mimi nilikulia katika kijiji kimoja kando ya barabara ya kutoka Mpanda kwenda Karema, katika miaka ya 1980. Jioni, baada ya wanaume kurudi na migebuka kutoka ziwani, watoto tulikaa na bibi mzaa baba tukipukuchua mahindi. Mikono ikifanya kazi, yeye alitutajia majina: baba yako ni fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani, mpaka mtu wa sita. Aliyekosea alirudia tangu mwanzo. Tarehe hatukufundishwa, kwa sababu bibi hakuwa nazo. Yeye alikuwa na matukio. Baba yake alizaliwa kabla watu hawajahamishwa kwa ajili ya malale. Yeye aliolewa wakati reli ya kutoka Kaliua inajengwa kuja Mpanda. Mwanawe wa tatu alizaliwa mwaka wa Uhuru.

Kwa mtu wa ofisi hayo ni maneno ya kizee. Lakini ukiyaweka kando ya historia ya nchi, yanageuka kalenda. Malale ni kweli. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika mapori yenye mbung'o, ikawakusanya katika makazi mapya. Reli ni kweli. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi ya Mpanda. Uhuru, kila mtoto wa shule anajua, ni mwaka 1961. Basi bibi yangu asiyejua kusoma alikuwa ametuachia miaka mitatu ya ukoo wetu bila kushika kalamu.

Hivi karibuni kijana wa ukoo wetu alikwenda kujaza fomu katika ofisi moja. Akaulizwa babu wa baba yake alizaliwa kijiji gani. Akataja jina lile lile tulilofundishwa tukipukuchua mahindi. Karani akapitia orodha yake, hakuliona. Akamwambia akalete jina la kijiji kinachojulikana. Kijana alirudi nyumbani amenuna, kama mtu aliyeambiwa kwamba babu zake hawakuwahi kuzaliwa.

Ndugu zangu, kijiji kile kilikuwapo. Kilikuwa na watu, na mashamba, na makaburi. Leo ni pori. Wala si hicho peke yake. Malale yalihamisha watu. Kisha mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja, watu wakahama tena. Mwaka 1974 Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa. Jina lake linatokana na Katabi, ambaye wazee husema roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakipeleka sadaka pale. Ramani ya leo inaonyesha tulipo sasa. Haionyeshi tulikotoka.

Basi anayetaka kutafuta aanzie wapi? Aanze kwa mzee aliye hai. Amwombe amwonyeshe mahame. Mahame yana alama zake: mwembe uliosimama peke yake mahali pasipo nyumba, jiwe la kusagia lililochimbika katikati, vigae vya vyungu. Mwembe wa namna hiyo haukujipanda. Kuna mtu aliula embe mlangoni kwake akatupa kokwa.

Halafu aende parokiani. Karema ni mahali pa zamani sana. Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili walijenga kituo pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakakikabidhi kwa wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawaita White Fathers. Mapadri hao waliandika. Katika kitabu cha ubatizo utakuta tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi na la msimamizi wake. Kwa familia nyingi za kandoni mwa ziwa, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kabisa yenye jina la ukoo wao.

Lakini ajiandae. Wamisionari wa wakati ule waliwakomboa pia watoto waliokuwa wametekwa na kuuzwa, wakawalea misheni. Kuna watoto walioletwa wakiwa wadogo mno hata hawakuweza kutaja kwao. Ndiyo maana kuna mzee ambaye ukimwuliza jina la babu yake hunyamaza, au huanza kuzungumzia mvua. Usimlazimishe. Anaficha jambo alilorithishwa kama aibu, wakati aibu ni ya aliyeuza, si ya aliyeuzwa.

Tazameni Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa, akasomeshwa uganga wa hospitali kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa ufuko ule hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Joseph akawa padri. Nani leo atasema kwamba Atiman hakuwa mtu wa Karema? Na tunajuaje habari zake? Kwa sababu hakuona haya kuzieleza. Maisha yake, aliyoyasimulia mwenyewe, yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wangapi walipita njia ile ile ya utumwa, na leo hatuna hata majina yao?

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha. Swali la "kwenu ni wapi" linaweza kuwa la upendo, na linaweza kuwa rungu. Jirani zetu wa Katumba na Mishamo wanalijua rungu hilo. Wazee wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Katumba ilianzishwa mwaka 1973, Mishamo miaka michache baadaye. Mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Wao pamoja na wenzao wa Ulyankulu ni zaidi ya watu 160,000. Wako watu wazima wenye wajukuu waliozaliwa hapa hapa, na bado wakipeleka mahindi sokoni wanaulizwa watarudi lini kwao. Anayeuliza hivyo hebu aende kwanza kwenye mahame ya babu yake mwenyewe, ahesabu ukoo wake umehamishwa mara ngapi. Katika mkoa huu, wako waliofukuzwa na malale, walioletwa na mgodi, waliokusanywa na Vijiji, waliofuata malisho, na waliokimbia vita. Aliyeota hapa kama uyoga sijamwona.

Ombi langu wiki hii ni dogo. Nunua daftari. Jumapili hii keti na mzee wako. Andika majina, hata kama ni matatu tu. Usimwulize mwaka, mwulize kulikuwa na nini: njaa, reli, Uhuru. Mwulize majina ya akina mama pia, maana tumezoea kuhesabu wanaume tu. Kama una simu yenye kurekodi, rekodi sauti yake. Mimi niliingia kazi ya redio nikashika sauti za mawaziri na wakuu wa mikoa, na zimo maktaba hadi leo. Sauti ya bibi yangu haimo popote. Alifariki kabla sijapata kinasa sauti changu cha kwanza. Majina sita aliyotufundisha nimeyaandika, na kijana wetu anayo nakala. Wa saba alimjua yeye peke yake.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.