"Sista, akili yake itakuwa sawa?"
Mazungumzo ya muuguzi wa wadi ya watoto wachanga na kina mama wajawazito, Kakamega

 Wazee wachache mliowasindikiza kina mama, mmefanya vyema.

Ninahudumia watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37. Swali ninaloulizwa sana wadini si la uzito. Mama huninong'oneza, "Sista, akili yake itakuwa sawa?" Leo nataka tulijibu mapema, mkiwa bado na mimba.

Kati ya wiki ya 24 na ya 32 hivi, nyuzi za ubongo wa mtoto hujiandaa kuvikwa utando, kama waya wa stima unavyovikwa plastiki. Chembe zinazotengeneza utando huo ni dhaifu sana wakati huo. Mama akipata maambukizi kwenye mfuko wa uzazi, mwili wake hupigana nayo, na kemikali za vita hivyo zinaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Zinaweza pia kumfikia mtoto na kuziumiza chembe zile. Hivyo mtoto anatoka mapema, na ubongo wake umeshaguswa. Ndipo baadhi yao wanachelewa kukaa, wengine wanapata mtindio wa ubongo, au shida ya masomo. Lakini wengi hukua vizuri. Nawakuta sokoni wakikimbia.

Taabu ni kwamba maambukizi mengi hayabishi hodi. Mkojo unaweza kuwa na bakteria bila kuchoma. Kaswende hukaa kimya. Malaria, ambayo huku magharibi haina likizo, hujificha kwenye kondo la nyuma huku mama akipalilia miwa bila homa yoyote, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo au mapema. Kwa hiyo tunapima mkojo na damu hata ukisema uko sawa. Vile vidonge vya SP unavimeza mbele yetu kuanzia mwezi wa nne, kisha kila kliniki, mradi mwezi umepita. (Anayetumia septrin hapewi SP. Mwambie muuguzi, usione haya.) Na dawa ya mkojo uimalize, hata kama maumivu yameisha siku ya pili.

Sasa wazee, hapa nisikilizeni. Mama akivuja maji, akipata homa, uchafu wenye harufu au tumbo kubana kabla ya wakati, tafuteni bodaboda usiku huo huo. Nimesikia mara nyingi, "Ngoja kupambazuke." Kifuko cha maji kikipasuka, bakteria wamefunguliwa mlango. Akifika mapema anaweza kupewa antibiotiki, na deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 5 zilizoijaribu sindano hiyo katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani, na matokeo ya 2020 yalionyesha kwamba vifo vya watoto hao vilipungua.

Na wewe uliyejifungua mapema tayari, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, mpe maziwa yako, na urudi kliniki hata akinenepa. Ukiona shingo haikazi, miguu inakakamaa kama mkasi, au mkono mmoja haufunguki, mlete. Mazoezi ya viungo yakianza mapema yanasaidia. Usimfiche nyumbani kwa sababu jirani amesema ni laana.

Haya, maswali. Naona mama wa leso ya kijani ameinua mkono tangu niliposema habari za mkojo.