Mapovu Yakikatika, Usikimbilie Pua: Kulinda Ngozi ya Watoto Njiti Walio Kwenye CPAP



Nianze na kosa langu mwenyewe. Usiku mmoja, katika wodi ambayo sitaitaja, nilikuwa na mtoto njiti wa wiki 29 kwenye CPAP ya mapovu, ile hewa ya msukumo inayoingia puani kwa vijirija tunavyoviita prongi. Kila mapovu yalipokatika chupani niliisukuma prongi ndani kidogo, nikaikaza kofia. Yakarudi, roho ikatulia. Alfajiri nilipoitoa prongi nimsafishe, kile kiukuta cha katikati ya matundu ya pua kilikuwa cha zambarau, na juu yake mchubuko kama punje ya mtama. Mama akauliza, "Sista, pua imefanyaje?"

Pua ilikuwa imebanwa na mimi. Ngozi ya mtoto wa umri ule ni changa mno, na pale puani imelalia gegedu bila mafuta ya kuikinga. Prongi ikigandamiza, vimishipa vinazibwa, damu haipiti. Unyevu wa hewa nao unailainisha ngozi mpaka inachunika. Tusidhani ni tatizo la wodi zenye uhaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka hospitali ya chuo kikuu cha Lausanne, Uswisi, uliwafuatilia watoto 989 waliowekwa CPAP, na 420 kati yao walipata madhara ya pua. Mengi yalikuwa ya daraja la kwanza, ngozi kubadilika rangi tu, lakini asilimia 90 yalijitokeza ndani ya siku 6 za mwanzo. Na sasa WHO, tangu 2022, inaruhusu CPAP kuanzwa mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto wa chini ya wiki 32. Pua za kuzichunga zinaongezeka.

Kwa hiyo mapovu yakikatika, anzia mbali na pua. Maji ya chupa yamefika kwenye alama? Kiungo cha mpira kimelegea? Mdomo uko wazi? Kofia imepanda juu ya masikio? Halafu ndipo utazame prongi. Mara nyingi utakuta ni ndogo. Tunachagua ndogo kwa kumhurumia mtoto, kumbe ndogo inavujisha, na inayovuja ndiyo tunayoisukuma. Prongi sahihi hujaza tundu bila kuifanya ngozi ya pembeni ipauke, na huacha nafasi ya milimita 2 hivi kabla ya kugusa kiukuta. Nafasi hiyo uione kwa macho, kwa tochi ikibidi.

Mpira nao una uzito, hasa ukijaa maji ya mvuke. Umwage maji, uufunge kwenye kofia, usiiachie pua kuubeba. Mrija wa maziwa upite mdomoni.

Kuhusu plasta ya haidrokoloidi: inasaidia, ikikatwa matundu yanayolingana na pua. Ila nimeona ikigeuka pazia. Tunaibandika, tunajisikia salama, na chini yake jeraha linaendelea. Mafuta ya mgando yasipakwe, prongi inateleza.

Jambo moja vitabu vingi havitusaidii. Vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha. Tafuta weusi uliozidi ule wa ngozi ya pembeni, mng'ao, uvimbe, au alama ya prongi isiyofutika dakika kadhaa baada ya kuitoa. Kila saa 3 au 4 toa prongi, tazama, andika. Penye kinyago cha puani, kipishanishe na prongi zamu kwa zamu ili mgandamizo usikae mahali pamoja. Na wakati wa kukabidhiana zamu, wawili waitazame pua pamoja. Kusomeana chati peke yake hakutoshi.

Siku hizi huwa namwonyesha mama ile nafasi ya milimita 2 mapema, akiwa amembeba mtoto kifuani kwa kangaruu. Wiki iliyopita mmoja aliniita saa tisa usiku. Mapovu yalikuwa yanatoka vizuri kabisa. "Sista," aliniambia, "ile nafasi siioni tena." Kofia ilikuwa imejivuta nyuma.