Ufunguo Kaupata kwa Nani? Vijana wa Isongole na Udereva wa Pikipiki



Mada niliyopewa ni mtazamo wa vijana wa sekondari kuhusu uendeshaji salama. Kwa ruhusa yenu nitaigeuza kidogo, kwa sababu vijana hawa sheria wanazijua. Muulize wa kidato cha pili mshikaki ni nini, atakujibu kabla hujamaliza swali. Leseni, kofia ngumu, kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, vyote anavyo kichwani. Na bado jioni utamwona anateremka kuelekea Kiwira na abiria wawili, mshikaki wenyewe, na gunia la viazi. Mimi nauliza: ufunguo kaupata kwa nani?

Kwetu pikipiki ni chombo cha kazi. Viazi vinatolewa shambani kwa pikipiki, maziwa yanawahishwa barabarani kwa pikipiki. Mtoto miguu yake ikishafika chini, baba anamtuma: "Peleka galoni hili, fanya haraka." Hapo ndipo anapojifunza udereva, na somo la kwanza ni haraka. Baadaye anakuwa deiwaka. Mwenye bodaboda akichoka, anamwachia mwanafunzi apige vichwa viwili vitatu kabla ya giza, ingawa sheria inamtaka anayebeba abiria awe na miaka 18 na leseni. Hesabu anayodai tajiri, mwenye pikipiki, haipungui, kwa hiyo faida ya kijana iko kwenye mwendo. Tusimwite mtundu, anafanya biashara kama tulivyomfundisha.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye suala la fri. Kutoka hapa Isongole kwenda Kiwira ni mteremko mrefu, na wapo wanaozima injini au kuweka fri, yaani kutoa gia, ili kuokoa mafuta. Kijiweni huo unahesabiwa kuwa ni ujanja. Lakini injini iliyo kwenye gia ndogo ndiyo inayoizuia pikipiki isikimbie. Ukiiondoa, mzigo wote unabaki kwa breki, na breki iliyokamatwa muda mrefu hupata moto, ikalegea. Malori yanayokwenda na kurudi mpakani Kasumulu yanakabiliwa na hatari hiyohiyo, tena yakiwa na tani nyingi mgongoni, na barabara ni moja. Sasa weka ukungu wetu wa asubuhi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakata karibu mita 17 kila sekunde. Mkono haujafika kwenye breki, mita hizo zimeshaliwa, na lami imelowa.

Kofia ngumu wengi wanayo, ila inaning'inia kwenye kioo ikimsubiri trafiki. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba inapunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kijana haoni hivyo. Kwake ni risiti ya kupitia kizuizini, na wakubwa wake wanaivaa vivyo hivyo.

Wasichana huwa tunawasahau kwa kuwa wengi wao hawaendeshi. Wao ndio abiria. Binti akisema, "Kaka, punguza mwendo," anajibiwa, "Kama unaogopa, shuka utembee," na abiria mwenzake anacheka. Safari inayofuata ananyamaza. Katika semina nyingi tunamfundisha dereva peke yake, na huyu aliyekaa nyuma, ambaye pesa yake ndiyo inayotafutwa, hatumpi hata neno la kusema. Shuleni afundishwe kwamba ana haki ya kushuka, na nyumbani asigombezwe kwa kuchelewa.

Sina imani sana na kuongeza mabango ya alama za barabarani. Napendekeza kila kijiwe kiwe na orodha ya wanaoruhusiwa kushika pikipiki za pale, na asiye na leseni asipewe hata kwa kichwa kimoja. Mzazi mwenye kijana aliyefikisha umri amlipie kwanza mafunzo na leseni ya kujifunzia, pikipiki ifuate. Na mwenye chombo ajue kwamba ajali ikitokea mikononi mwa asiye na leseni, bima inaweza kukataa kumlipa, na gharama zikamrudia yeye.

Ndugu Mwenyekiti, maswali ninayakaribisha, ila naomba yaanze kwa wenye pikipiki.