Tovuti ya Ushirika Imjibu Mwanachama

(Mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Elimu wa Chama Kikuu mbele ya makatibu wa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho)



Nimeombwa nizungumze juu ya tovuti, na hasa namna ya kuitengeneza tovuti iwe ya kupendeza na nyepesi kutumia. Jambo hili limeingia katika ajenda kwa sababu vyama kadhaa vimekwisha kutenga fedha za kazi hii katika makisio ya mwaka, na vingine vimekwisha kuletewa ankara na mafundi kabla ya kuamua wanataka nini. Fedha hizo ni za mwanachama. Zimetoka katika ushuru wa kila kilo aliyoileta ghalani. Kwa hiyo yatupasa tuulize kwanza mwanachama huyo atapata nini.

Wengine huiogopa tovuti kana kwamba ni jambo la wataalamu peke yao. Chanzo chake ni haja ya kawaida kabisa. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuwawezesha wanasayansi wenye mashine za aina mbalimbali kusomana karatasi zao bila usumbufu. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliruhusu njia hiyo itumiwe na kila mtu bila malipo. Watu walitaka kusomana karatasi, basi. Habari za kujionyesha zilikuja baadaye.

Ndugu makatibu, ninyi mnao ubao wa matangazo pale ghalani. Ubao ule una sifa ambazo tovuti nyingi zimezikosa. Tangazo jipya hubandikwa juu ya la zamani. Huandikwa kwa kalamu nene ili mzee aliyesimama nyuma ya wenzake alisome. Hauna mlango wala chumba cha ndani. Mtu akifika tu, jambo lililomleta liko mbele ya macho yake. Na chini ya tangazo pana tarehe na sahihi ya katibu, mtu anayejulikana na anayeweza kuulizwa.

Sasa tumtazame huyo mwanachama na jambo linalomleta. Tangu mwaka 2007 korosho zetu zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima huleta mzigo, ukapimwa, akapewa stakabadhi. Mzigo ukapelekwa ghala kuu, ukasubiri mnada. Baada ya hapo naye husubiri. Katika siku hizo za kusubiri ana maswali matatu: mzigo wangu umeuzwa katika mnada upi, umeuzwa kwa bei gani, na fedha inaingia lini. Ada ya shule inadaiwa, kibarua aliyeokota korosho hajalipwa, mgonjwa yuko nyumbani. Wakati huo huo mnunuzi wa kangomba anapita nyumba kwa nyumba na bakuli lake, ambalo likijaa hupita kilo lakini huhesabiwa kilo. Mwenye kangomba hana tovuti, lakini majibu yake ni mepesi: bei ni hii, na fedha hii hapa. Mwanachama asiyejua malipo yake yatatoka lini huyatoa magunia mawili yaliyobaki nyumbani kwa bei ya hasara. Yeye amepunjwa, na chama kimepoteza mzigo.

Nimepata kuiangalia tovuti ya chama kimoja, ambacho sitakitaja jina, pamoja na wanachama wake. Ukiifungua unakutana na picha kubwa za viongozi zinazopokezana zenyewe, moja ikija nyingine ikiondoka kabla hujamaliza kusoma maneno yaliyo chini yake. Zinafuata salamu za Mwenyekiti, kisha dira na dhamira, kisha historia. Sijaona bado mkulima aliyeamka alfajiri kutafuta dira na dhamira ya chama chake. Matokeo ya mnada yapo, lakini yako chini ya neno Machapisho. Ndani yake kuna neno Nyaraka. Ndani yake kuna mwaka. Ndani ya mwaka kuna orodha ya barua, na kila barua imepigwa picha ikiwa na mhuri, imelala upande, na herufi zake kwenye simu ni ndogo kama chungu. Mama mmoja tuliyemwomba atafute tarehe ya mnada ujao alibonyeza picha ya Mwenyekiti mara tatu, akidhani ndiye atakayemjibu. Alikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwani hapakuwa na kitu kingine kikubwa cha kubonyeza.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo, maana unafundisha. Serikali ya Uingereza ilikuwa na mamia ya tovuti, kila idara na yake. Mwezi Oktoba 2012 ilizindua tovuti moja, GOV.UK, ili ichukue nafasi ya hizo nyingine hatua kwa hatua, na kanuni yake ya kwanza ikawa kuanza na haja ya mtumiaji. Katika tovuti hiyo umo ukurasa wa sikukuu za mapumziko. Waliokaa kuutengeneza walijiuliza kwa nini mtu huufungua ukurasa kama huo. Aghalabu hutaka kujua jambo moja, yaani sikukuu ijayo ni lini. Basi jibu hilo limewekwa juu kabisa, ndani ya kisanduku cha rangi, kwa herufi kubwa; orodha ya siku nyingine iko chini yake. Ukurasa hauna picha ya waziri. Mwaka 2013 tovuti hiyo, nyeupe na isiyo na mapambo, ilipewa tuzo ya ubunifu bora wa mwaka na jumba la makumbusho ya ubunifu la London. Wapo waliolalamika kwamba kitu kikavu namna ile hakistahili tuzo. Mimi naona walistahili, kwa sababu ni vigumu zaidi kuondoa kuliko kuongeza, hasa pale kila idara inapotaka jina lake lionekane.

Kwa vyama vyetu, ukurasa wa kwanza ningeuona hivi. Juu kabisa, mnada wa mwisho: tarehe yake, bei ya juu na bei ya chini kwa kilo, na kiasi kilichouzwa. Mara tu chini ya hapo, malipo: fedha za mnada wa tarehe fulani zimepelekwa benki tarehe fulani, kwa vyama hivi na hivi, ambavyo bado, sababu ni hii. Kisha mnada ujao. Kisha mjengeko wa bei, yaani kila kato linalotoka katika shilingi ya mkulima, kwa jina na kwa kiasi, maana hapo ndipo minong'ono huzaliwa. Kisha pembejeo: salfa imefika ghala gani. Kisha namba ya simu ya ofisi, iliyoandikwa ili mtu akiigusa simu ipige. Viongozi na historia wapewe kurasa zao za ndani. Ni habari njema, na mwenye kuzitaka atazifuata.

Maneno ya kuongozea nayo yawe yale wayatumiayo wanachama wenyewe. Andika Malipo, Mnada, Pembejeo, Mizani. Usiandike Huduma Zetu, kwani hakuna ajuaye kilichomo humo mpaka afungue. Kama mnahitaji kurasa za Kiingereza kwa ajili ya wanunuzi, ziwekwe pembeni. Mwenye chama asomewe kwanza kwa lugha yake.

Uzito wa ukurasa ni jambo ambalo mafundi hawapendi kulisikia, maana wao hujaribia kazi yao mjini penye mtandao wa nguvu. Mwanachama wetu ananunua kifurushi, au bando kama wasemavyo vijana, na mtandao wa kijijini kwake huja na kuondoka. Mazungumzo haya yote niliyoandika hapa, yakiwekwa kama maandishi matupu, hayafiki kilobaiti kumi na tano. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa na kuwekwa bila kupunguzwa inaweza kufikia megabaiti nne, ambazo zingetosha kubeba mazungumzo kama haya zaidi ya mia mbili na hamsini. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa hubaki kilobaiti mia moja au mia mbili, na kwenye simu hakuna atakayeona tofauti. Jakob Nielsen, mtaalamu aliyeandika sana juu ya mambo haya, alieleza mwaka 1993 kwamba mtu akingojea mashine zaidi ya sekunde kumi mawazo yake huhama. Ukurasa wenye picha tano za megabaiti nne nne, kwa mtandao wa kijijini, utamaliza dakika kadhaa. Mkulima ataiweka simu mfukoni, na salio lake litakuwa limekwenda.

Nimeambiwa niseme pia juu ya kupendeza. Ndugu zangu, ukurasa hupendeza kwa mpangilio kama shamba lililopandwa kwa mistari: pana nafasi kati ya jambo na jambo, herufi ni za aina moja au mbili tu, na rangi ni chache. Chagueni rangi moja ya chama, iwe ya vitufe na vichwa vya habari, na sehemu nyingine iachwe nyeupe kwa herufi nyeusi. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao, katika toleo lake la mwaka 2008, unataka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na mahali zilipoandikwa isipungue 4.5 kwa 1, na ziko programu za bure za kuipima. Asiye na programu atoke nje saa sita mchana, ashike simu juani, asome. Kijivu juu ya nyeupe kitatoweka, na njano ndiyo kabisa. Vitufe viwe na upana wa kama sentimita moja, kwani kidole kilichoshika jembe miaka thelathini si kidole cha karani. Na ukurasa ujipange wenyewe kufuata upana wa simu. Ufundi huu unajulikana tangu mwaka 2010, na fundi anayedai fedha ya ziada kwa ajili yake yafaa aulizwe anauza nini basi.

Barua zilizopigwa picha zina kasoro nyingine. Wako wanachama wasioona ambao simu zao huwasomea maandishi kwa sauti. Barua iliyopigwa picha mara nyingi kwa simu hizo ni ukimya mtupu. Tangazo liandikwe kama maandishi, na barua yenye mhuri iambatanishwe kwa anayehitaji ushahidi.

Hapa nataka kuonya juu ya jambo moja ambalo laweza kutupeleka pabaya. Katibu mmoja ameniuliza kama anaweza kuiweka kwenye tovuti orodha ya majina ya wanachama na kiasi alicholipwa kila mmoja, kama ilivyozoeleka kwenye ubao. La. Ubao husomwa na wanakijiji. Tovuti husomwa na dunia nzima, pamoja na matapeli wanaopiga simu wakijidai ni watu wa benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatubana katika jambo hili, na inatubana kwa haki. Tovuti itoe jumla ya kila chama. Hesabu ya mtu mmoja mmoja apelekewe mwenyewe kwa ujumbe wa simu, au aione kwa nywila yake.

Jina la tovuti, lile linaloishia na herufi za tz, liandikishwe kwa jina la chama, na nywila zote zifungiwe katika kasha la ofisi pamoja na hati nyingine za mali. Viko vyama ambavyo fundi amehama na funguo zake, vikalazimika kuanza upya kwa jina jingine huku la zamani likiendelea kuonyesha bei za misimu iliyopita. Bei ya zamani isiyo na tarehe ni mbaya kuliko kutokuwa na bei, kwa sababu mwanachama huiamini, akaja ofisini kudai isiyokuwapo. Basi kila tangazo liwe na tarehe, na Bodi itaje kwa jina mtumishi atakayelibadilisha siku ile ile ya mnada. Kama hakuna mtumishi wa kazi hiyo, tovuti isubiri, ubao unatosha. Na hata tovuti ikiwapo, ubao usiondolewe, maana wasio na simu za aina hiyo ni wanachama kamili.

Mwisho, kazi ijaribiwe kabla ya kulipwa. Huyo Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro, na kwamba ni afadhali kujaribu mara tatu kwa watu watano watano, mkisahihisha katikati, kuliko mara moja kwa watu kumi na watano. Wapo wataalamu waliobishana naye juu ya hesabu hiyo, lakini kwa chama chenye mfuko mdogo sijaona ushauri bora. Waiteni wanachama watano, wawemo wazee na akina mama. Mpeni kila mmoja simu na swali moja, kisha mnyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Katibu atatamani kunyosha kidole na kusema bonyeza hapa. Asifanye hivyo. Kila mahali mtu anapokwama paandikwe, na fundi aparekebishe, na fungu la mwisho la malipo yake lizuiwe mpaka amalize. Sharti hilo liandikwe katika mkataba tangu mwanzo.

Nimeleta simu tatu za bei ya chini na rasimu ya ukurasa wa Chama Kikuu. Baada ya chai nitawaomba makatibu wa vyama vilivyo mbali zaidi na mji waje mbele, kila mmoja na mwanachama aliyefuatana naye, na swali litakuwa moja tu: fedha za mnada wa pili zimeingia lini? Mwanachama ndiye atakayeshika simu. Fundi yuko hapa, ameketi nyuma, na daftari lake liko wazi.