Mfungo wa Nyumba Nzima

Msikilizaji, Jumatano ya Majivu ina namna yake ya kututambulisha. Ndani ya daladala, sokoni, kwenye foleni ya benki, unaona vipaji vya uso vyenye alama ya msalaba, na hakuna anayeuliza kulikoni. Jioni yake, ukikaa na Wakristo wakizungumza, utasikia kila mmoja ameacha chake. Huyu bia, yule nyama, mwingine chipsi na soda, binti ameacha tamthilia. Ni jambo jema, nami naliheshimu. Lakini mfungo huu wa kila mtu na wake una upande tusiousema, nao ni upande wa wale tunaoishi nao.

Mtazame baba aliyeacha bia. Zamani alirudi saa tatu usiku akiwa amechangamka. Sasa saa moja yuko sebuleni, amenuna, kelele ya mtoto inamkera, chumvi ikipungua ni kesi. Watoto wanawahi kulala. Baba amefunga, ila mfungo wake wanaulipia mkewe na wanawe. Au itazame Ijumaa isiyo na nyama. Anatafutwa sato mzima mwenye bei inayoizidi kilo ya ng'ombe, na dada wa kazi anapika mara mbili, samaki wa wakubwa na mboga ya watoto wanaoogopa miiba, kisha anasubiri jikoni mpaka mfungaji wa mwisho arudi kazini ale chakula cha moto. Hapo nani amejinyima?

Sheria yenyewe ya Kanisa Katoliki haina uzito huo. Kufunga kunawahusu wenye miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, tena siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kujinyima nyama kunaanzia miaka 14. Mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita, katika hati yake iitwayo Paenitemini, aliwapa maaskofu ruhusa ya kuweka matendo ya huruma na ibada mahali pa kujinyima huko. Wala hakuwa akizua jipya. Katika karne ya 5 Papa Leo Mkuu aliwahubiria Warumi kwamba anachojinyima mfungaji kiwe chakula cha maskini. Kwa hiyo tangu zamani swali halikuwa tu umeacha nini. Swali lilikuwa pia kilichoachwa kimemfikia nani.

Ndiyo sababu natamani Kwaresima ipangwe na familia nzima, mezani, baada ya chakula, televisheni ikiwa imezimwa. Kila mmoja aulizwe angependa wenzake wapunguze nini. Mtoto wa miaka saba atajibu upesi kuliko wote: baba aache simu tukiwa tunakula. Ni mfungo mgumu kuliko wa bia, na faida yake anaiona mwingine siku ileile.

Kuna atakayeniambia kwamba Yesu, katika Injili ya Mathayo sura ya 6, alitaka tufunge kwa siri. Ni kweli. Lakini pale aliwakemea wanaokunja nyuso ili watu wawaone. Hakusema mume amfiche mkewe, wala mzazi awafiche watoto anaowafundisha kusali. Kusali na kufunga, mtoto hujifunza kwa kuwaona wakubwa wakifanya.

Kwenye hili tunao majirani wa kujifunza kwao. Mwaka 2025, na tena 2026, Ramadhani na Kwaresima zilianza karibu siku zilezile. Sisi tunaoishi mitaa ya Pwani tulisikia harufu ya magimbi ya nazi na tambi kila magharibi, na mara nyingi bakuli la uji wa pilipili manga likavuka ua kuja kwetu. Kilichonigusa ni ile saa yenyewe. Nyumba nzima inakaa pamoja, mkubwa na mdogo, wanaanza kwa tende na dua. Kwetu, mtu anaweza kumaliza siku 40 bila wa nyumbani kujua alichokuwa akikifunga.

Basi na sisi tuwe na saa yetu. Siku ya maharage ya nazi au kisamvu cha karanga, ile tofauti ya bei ya nyama itolewe mkobani jioni hiyohiyo, mtoto mdogo kuliko wote apewe aitumbukize kwenye kibubu. Isingoje mwisho wa mwezi, maana mwisho wa mwezi fedha hiyo haipo. Na tangu mwanzo itajwe ni ya nani. Katika jumuiya zetu wenye shida tunawafahamu: mjane anayedaiwa kodi, mgonjwa asiye na nauli ya kwenda kliniki. Mtoto akishamjua huyo mtu, hata maharage ya siku ya tatu mfululizo hayalalamikii sana. Na Jumapili, ambazo hazihesabiwi katika zile siku 40, mpeni soda yake kwa moyo mweupe.

Narudi kwa dada wa kazi, kwa sababu ni yeye tunayemsahau kila mwaka. Pengine ni Mkatoliki, pengine ni Mlutheri ambaye naye ana Kwaresima yake kanisani kwao, au ni Mwislamu. Ijumaa jioni sisi tunazunguka vituo 14 vya Njia ya Msalaba, yeye yuko jikoni na masufuria yetu. Ijumaa hii muulizeni kama angependa kwenda kusali, au kama anachotaka ni kupumzika tu. Vyombo vioshwe na baba na wavulana.