Raia, bastola na dhamana ya kujilinda



Mwezi uliopita mdogo wangu anayeishi viungani mwa Nairobi aliniandikia kuniomba fedha. Hazikuwa za karo wala za matibabu. Majambazi wenye mapanga walikuwa wamevunja mlango wake usiku wa manane, wakamfunga kamba mbele ya wanawe, wakachukua walichokitaka na kwenda zao. Polisi walifika kulipopambazuka. "Kaka," aliandika, "nataka kuomba leseni ya bastola. Mtu mzima hulinda nyumba yake mwenyewe." Ujumbe huo umeninyima usingizi, na kwa kuwa najua swali lake ni la wengi, nimeona tulijadili leo.

Sheria ya Kenya haimfungii mlango. Sheria ya Silaha, yaani Sura ya 114, inamruhusu raia kumiliki bastola akipewa leseni, na Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 17, inatambua haki ya mtu kujitetea kwa nguvu. Lakini nguvu hiyo sharti ilingane na hatari iliyopo. Mahakama itauliza mwizi alikuwa umbali gani, alishika nini, na kama alikuwa amekwisha kugeuka kukimbia. Ndugu yangu atapaswa kujibu hayo kwa utulivu mahakamani, juu ya jambo alilolitenda gizani katika nukta tatu.

Anaponiambia habari za ushujaa wa raia wenye silaha, mfano wake ni mmoja: Westgate. Nami naukumbuka vyema. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013, siku ya mapumziko hapa Dubai, nami nikala chakula cha mchana nikiwa nimeiacha simu chumbani. Nilipoirudia ilikuwa imejaa ujumbe. Wapiganaji wa Al-Shabaab walikuwa wameingia katika jumba hilo la maduka huko Westlands na kuanza kuwamiminia watu risasi. Hadi mkasa huo ulipokwisha siku ya nne, watu 67 walikuwa wameuawa, bila kuwahesabu washambuliaji wenyewe.

Katika saa za mwanzo, kabla kikosi maalumu hakijafika, waliothubutu kuingia walikuwa askari polisi wachache, baadhi yao wakiwa wamevaa kiraia, pamoja na raia wenye leseni za bastola. Miongoni mwa raia hao walikuwamo Wakenya wenye asili ya Kihindi waliokuwa wamezoea kushirikiana katika ulinzi wa mitaa yao. Alikuwamo pia Abdul Haji, mwana wa Mohamed Yusuf Haji, aliyewahi kuwa waziri wa ulinzi. Alipata ujumbe wa simu kutoka kwa ndugu yake aliyekuwa ndani, akaenda na bastola yake kuwakabili watu wenye bunduki za rashasha. Picha ya msichana mdogo akikimbia kuelekea mkono wake ulionyooshwa ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2021, baada ya baba yake kufariki, Haji alichukua kiti chake cha useneta wa Garissa.

Sitaki kuupunguza ushujaa huo hata chembe. Wako watu wanaopumua leo kwa sababu yake. Ila tuangalie ulivyofanya kazi. Raia wale hawakuingia kila mtu kivyake. Walisogea pamoja na polisi, mmoja akimlinda mwenzake, duka baada ya duka, na wengi wao walikuwa wamejizoeza kulenga shabaha kwa miaka. Baadaye siku hiyo hiyo, wanajeshi walipoingia bila mawasiliano mazuri na polisi, risasi za upande wa serikali zilimuua kamanda wa kikosi maalumu cha polisi. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, wenye sare na mafunzo. Sasa nimfikirie mdogo wangu, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, akiwa ametoka usingizini, na watoto wawili wakiwa kati yake na mlango.

Serikali ya Kenya nayo ilikuwa na wasiwasi. Mwishoni mwa 2018 iliwaamuru wote wenye leseni wahakikiwe upya, na wiki chache baadaye, Januari 2019, hoteli ya DusitD2 ikashambuliwa. Raia wenye silaha walionekana tena wakisaidia kuwaokoa watu. Kwa hiyo hoja ya mdogo wangu haikufa, nami sidai kwamba imekufa.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi, wakichoshwa na wezi wa ng'ombe, waliunda Sungusungu: yowe likipigwa, kijiji kizima hutoka na pinde na mishale. Wizi ulipungua, na sheria ya mwaka 1989 ikawapa mamlaka ya kukamata. Lakini waliokuwa wakiulizwa maswali na Sungusungu hawakuwa wezi peke yao. Vikongwe walioshukiwa uchawi nao waliteswa, na wengine wakauawa. Sioni fahari ya kulisema hili, ila ni sehemu ya habari.

Hapa Deira, mlinzi wa jengo ninamoishi ni kijana kutoka Kakamega. Hana silaha. Ana redio ya mawasiliano na kitabu cha kuandika wageni, na anajua kwamba akiita, polisi watafika. Nilipomsimulia kisa cha mdogo wangu alicheka kidogo, akasema kwao kijijini angemwelewa kabisa.

Nilimjibu mdogo wangu kwamba fedha za bastola sitampelekea mwaka huu. Nitalipia mlango wa chuma na taa za nje, na kama bado anaitaka bastola, nitalipia kwanza mafunzo na sanduku la kuifungia mbali na watoto, halafu tuzungumze.

Jibu lake lilikuja usiku ule ule. "Ahsante kwa mlango, kaka. Lakini wewe unalala Dubai."

Sijamjibu bado.